Masikio ya Naibu Spika

Mji mzima ulimwita Refa, hata baada ya kuwa Naibu Spika, naye hakuona ubaya. Kabla ya siasa alichezesha mpira wa wanaume kwenye viwanja vya vumbi. Wachezaji walimtolea macho, mashabiki walimrushia maganda ya machungwa, lakini penalti ikishatolewa imetolewa. Chama tawala kilimpa unaibu kikidhani mwanamke wa uwanjani, asiye na kundi wala mjomba serikalini, atakwenda upepo unakovuma. Walimkosea hesabu vibaya sana.

Siku ya muswada Spika alikuwa safarini, kwa hiyo kiti kilikuwa chake. Muswada wenyewe ulikuwa aibu tupu: wabunge wajiongezee miaka miwili bila uchaguzi, eti nchi ipumzike. Ipumzike na nini, wenyewe hawakusema.

Asubuhi mnadhimu wa chama tawala, mwenye kazi ya kuhakikisha wabunge wao hawatawanyiki kwenye kura, aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mlango huo uliuona, baba, au ulidhani ni pambo?"

Mnadhimu akacheka, akavuta kiti mwenyewe. "Leo tunategemea masikio yako tu. Tukisema ndiyo, umesikia ndiyo."

"Na wapinzani wakizidi kwa siyo?"

"Mama, usitutie presha. Hiyo miaka miwili si na wewe unaipata? Au umekumbuka kushona vifungo na mzee nyumbani?"

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wao. Refa alihisi damu ikimpanda hadi masikioni.

"Toka," alisema. "Na ukirudi, bisha."

Mnadhimu alipoondoka, Refa alifunga mlango mwenyewe. Alijua kabisa kinachofuata: wangemvua kile kiti, na jina lake halingepitishwa tena na chama. Alimpigia mumewe simu.

"Wataniondoa, mzee."

"Kwani ulizaliwa nacho hicho kiti?" mumewe akajibu, kelele za cherehani zikisikika nyuma yake. "Uje ule kabla chakula hakijapoa. Cherehani ziko mbili hapa."

Sasa, katika bunge lile miswada iliamuliwa kwa sauti. Wanaoafiki wanapaza ndiyo, wasioafiki wanapaza siyo, na aliyekaa kitini anatangaza upande uliozidi. Kwa miaka mingi kiti kilikuwa kinasikia upande mmoja tu, mpaka wabunge wa chama tawala wakaacha kujichosha koo. Wengi wao hata ukumbini hawakuingia tena saa ya kura. Walibaki kantini na chai yao, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuwasikilizia. Uvivu wa namna hiyo huota kwa walioshinda mno.

"Wanaoafiki waseme ndiyo," Refa alisema.

Ndiyo ilitoka legelege, ya watu walioshiba.

"Wasioafiki waseme siyo."

Siyo ile ilitikisa vioo.

Refa alisogeza kipaza sauti. "Nadhani wasioafiki wameshinda."

Ukumbi ulilipuka. Mnadhimu alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Mheshimiwa, haiwezekani! Sisi ndio wengi!"

"Wengi wenu wako wapi? Kanuni inasema wakisimama wabunge ishirini, tunahesabu kura mmoja mmoja. Wasimame."

Walisimama kumi na kitu, ishirini hawakufika. Mnadhimu alikimbilia mlangoni akiita wenzake kwa majina, na wa kwanza wao aliingia akipangusa mdomo, lakini Refa alikuwa ameshasema: "Muswada umeanguka. Hautarudi humu mpaka bunge jipya. Tunaendelea."

Wiki iliyofuata ilikuja hoja ya kumwondoa. Spika alikuwa amerudi, na Refa aliketi kwenye viti vya kawaida, amevaa gauni aliloshonewa na mumewe. Safari hii kantini ilikuwa tupu. Spika alipouliza wanaoafiki, ndiyo iliyotoka ilikuwa ya watu walioamka. Wengine walipiga meza kabisa. Siyo ya marafiki zake ilijitahidi, ikazidiwa.

"Nadhani walioafiki wameshinda," Spika alisema, bila kumtazama.

Nyuma ya Refa mama mmoja wa upinzani alikuwa ameshaanza kuinuka, akiwavuta wenzake mikono. "Tusimame! Wameiba tena! Refa, simama na wewe!"

Iliuma. Refa angeweza kusimama, na machozi yalikuwa karibu kuliko alivyotaka. Akageuka, akamshika yule mama mkono.

"Kaa, dada. Hawa kweli wamezidi."

Kisha akachukua mkoba wake na kumpita mnadhimu akiwa wima.

"Koo linakuuma, baba?" alimuuliza. "Pumzika. Uchaguzi uko palepale, na huko mtapiga kelele kwa wananchi."