Prudensia na Meneja Wake kwenye Benchi la Kamuli

Prudensia alikuwa amepokea kahawa miaka kumi na miwili kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa huko Nyabiyonza, na amemvumilia Jovitus miezi minane. Ile miaka haikumchosha. Miezi ndiyo iliyomzeesha.

Jovitus aliletwa kutoka Bukoba kuwa meneja kwa sababu moja tu: mwenye kiwanda alikuwa amemwoa dada yake. Siku ya kwanza alichota kahawa ya maganda, akaitazama, akauliza kama ndiyo iliyokwisha kobolewa. Wapakiaji wakainama, wakajifanya wanafunga magunia. Tangu hapo hakuigusa tena. Alichokiweza ni vikao: kikao cha uchelewaji, kikao cha usafi wa choo, na kikao cha kujadili kwa nini watu hawahudhurii vikao.

Mwezi Juni rafiki yake mmoja alileta shehena ya kahawa mbichi. Prudensia alizitikisa punje chache sikioni, hazikulia kama kahawa iliyokauka, akaikataa. Jovitus akatoka ofisini na simu mkononi.

"Pokea. Meneja ni mimi."

Ikapokelewa, ikapangwa ghalani juu ya kahawa ya watu, na baada ya wiki tatu ukungu ulikuwa umekula rundo zima. Barua ya onyo iliandikwa haraka. Aliyeonywa kwa uzembe alikuwa Prudensia.

Aliisoma mara mbili, akaikunja. Jioni hiyo alimwuliza wifi yake Sperancia, aliyekuwa akipika chai kwenye ofisi ya kikundi cha wakulima huko Kamuli, kama ni kweli wanatafuta mkaguzi wa ubora. Ilikuwa kweli. Akaandika maombi kwa mkono, akaitwa kwenye usaili siku ya Alhamisi. Alipoomba ruhusa, Jovitus aliitoa bila kuinua macho. Yeye mwenyewe siku hiyo hangekuwepo, anakwenda Muleba kumzika mjomba.

Alhamisi Prudensia aliteremka kwenye bodaboda, akajipangusa vumbi, akaingia uani. Kwenye benchi la wasailiwa, bahasha ya kaki mapajani, alikuwa ameketi Jovitus.

"Shikamoo, dada Prudensia."

Kwa miezi minane hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba. Pole na msiba."

Jovitus alikohoa, akaeleza kwamba maziko yamesogezwa mbele. Prudensia hakumwuliza yamesogezwa hadi lini. Aliketi upande wa pili wa benchi, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri: mtu anayekimbia ghala aliloliharibu mwenyewe, kwenda kutafuta lingine la kuharibu.

Jovitus alitangulia kuingia. Dirisha lilikuwa wazi, sauti yake ikasikika ikimwaga mikakati, ufanisi na maono ya miaka mitano. Mwenyekiti, Mzee Placidius, alimwacha amalize, kisha akamsogezea sinia nne za kahawa na kumwomba aonyeshe ipi haifai. Sinia zikasikika zikisogezwa huku na huku. Hatimaye Jovitus akauliza kama hawana kipima unyevu.

"Kipima tunacho," mzee akajibu. "Tunatafuta mtu."

Prudensia alipoingia aliamkia, akazisogelea sinia kabla hajaambiwa aketi. Alitikisa, akanusa, akang'ata.

"Hii haijakauka. Hii imeanikwa chini, inanuka udongo. Hii imechumwa kabla ya kuiva. Hii ya mwisho ndiyo kahawa."

Mzee Placidius aliinusa ile ya pili mwenyewe, akaguna, akamwuliza anaweza kuanza lini.

Jumatatu alipeleka barua ya kuacha kazi. Jovitus aliisoma akiwa amesimama, akafunga mlango, akamwomba kwa sauti ya chini asimwambie mtu kwamba walionana Kamuli. Prudensia aliitafuta huruma moyoni, hakuipata. Alimjibu kwamba yeye hana nafasi ya kumsema, ana kazi ya kwenda kuanza.

Na kweli hakumsema. Lakini Sperancia ndiye aliyewapa chai wasailiwa siku ile, na hakuna aliyemwomba anyamaze. Jumapili, watu walipotoka ibadani, habari ilikuwa imefika hadi kijiji cha Ihembe, na jioni ikamfikia mwenye kiwanda. Alifoka wiki nzima, kisha akapoa, maana shemeji hafukuzwi kirahisi. Jovitus bado ni meneja hadi leo. Wakulima wa Nyabiyonza, wanaojua kuanika, wamepakia magunia yao na kuyapeleka Kamuli, anakopokea Prudensia.