Wanunuzi wa Majina ya Noela

Noela Maduhu aliwadharau wateja wake kwa moyo mweupe, na hakuona sababu ya kutubu. Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale Nyasubi, mjini Kahama, lakini kazi hiyo ilimlipia pango tu. Biashara aliyoijali ilikuwa ya majina ya tovuti, yale anayoandika mtu kwenye simu akitafuta hoteli au mbolea. Noela alilisajili jina zuri kabla mwenye kulihitaji hajaamka, akalilipia ada kila mwaka, akalilalia kama kuku kwenye mayai mpaka mnunuzi aje.

Na walikuja. Agapiti wa Bugarama, aliyewahi kulangua dhahabu ya wachimbaji wadogo kabla ya kugundua kuwa majina hayana vumbi, hakuwa na haja na jina lolote duniani. Alitaka cha rahisi akauze ghali. Hata angeuziwa pepo ya mbinguni, kwanza angeuliza yeye naye atamuuzia nani. Kila jina alilikosoa kama ng'ombe wa mnadani: hili refu, hili limepinda, hili limezeeka.

"Mama Ritha, hili ni bovu kabisa," alimwambia Noela siku moja, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Kama ni bovu, umepanda basi kulifuata la nini?"

Agapiti akacheka, akateremsha bei tena.

Huyo afadhali, Noela aliona. Mwizi anayejulikana hufungiwa mlango. Wapenda sifa ndio waliomchefua. Kulikuwa na mwenye baa aliyetaka jina lenye neno "kimataifa" na choo chake hakina mlango. Watu wa namna hiyo hulipa haraka, huwaonyesha marafiki kwenye simu, na mwaka ukiisha wamesahau hata walinunua nini.

Jina lake bora lilikuwa la asali ya Bukombe, na alimjua wa kulinunua: Tarsisi wa Runzewe, Baba Luka, aliyekusanya asali ya wafugaji nyuki wa huko na kuitia kwenye chupa. Noela alikuwa na hesabu yake. Dalali hulipa akiangalia faida, lakini mwenye haja hulipa akiogopa kulikosa. Kwa hiyo Tarsisi alipofika, mtu mpole, rozari shingoni, alimtajia bei ya kumtoa jasho.

"Dada, bei hiyo ni ya jina, au na mizinga imo?" Tarsisi aliuliza.

"Ya jina, Baba Luka. Asali iko kwako, mlango uko kwangu."

Tarsisi aliinuka. "Basi kaa na mlango wako," akasema, akaenda zake. Baadaye Noela alisikia kwamba amesajili jina jingine, la mwanawe, kwa ada ya kawaida, na chupa zinatoka vilevile. Alimwita mshamba, peke yake dukani, kwa sauti.

Habari hizo zilimfikia Bartholomeo, shemeji yake Tarsisi, mtu mwenye maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, upande wa Geita. Wawili hao walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa mahari, na paroko alikwisha kuchoka kuwapatanisha. Bartholomeo alishuka kwenye gari lake jeupe, akaingia bila kuvua kofia.

"Shikamoo baba," Noela akamwamkia.

"Marahaba, mayu," akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kuna jina la asali hapa. Shemeji yangu alilitaka?"

"Sana."

"Akalikosa?"

"Akalikosa."

"Niandikie mimi."

"Kwani unafuga nyuki, baba?"

"Nyuki? Waliniuma utotoni, sitaki hata kuwasikia."

Noela hakuwahi kupata mnunuzi mtamu namna hiyo. Mwenye kijicho hanunui kitu. Ananunua sura ya mwenzake akiwa amenuna. Bartholomeo alilipa bila kupepesa jicho, akaagiza ukurasa uwe na picha yake kubwa, amesimama mdomoni mwa duara, na namba yake ya simu chini. Noela akamtengenezea, na dharau yote aliyokuwa nayo akaifungia kwenye tabasamu.

Haukupita muda mrefu, Bartholomeo akarudi anafoka.

"Mama Ritha, watu wananipigia hata nikiwa machimboni! Nesi wa Shinyanga, hoteli ya Mwanza, wote wananiulizia asali!"

"Ukurasa ni wa asali, baba. Ulitaka wakuulizie nyanya?"

"Toa namba yangu."

"Nikiitoa, watajuaje kuwa jina ni lako?"

Kuwaambia wageni kwamba hana kitu, yeye Bartholomeo, kulimshinda. Akamtuma dereva Runzewe anunue ndoo za asali bila kumtaja. Tarsisi alilitambua gari, akauza kwa bei kamili, hakupunguza hata ya kifuniko. Kiangazi kilipofika, Bartholomeo alikuwa mteja mkubwa kuliko wote wa shemeji yake, anasafirisha ndoo mwenyewe na kusimangwa na wapishi wa hoteli kwamba asali yake ni nyeusi mno. Wakaanza hata kuamkiana, maana huwezi kumnunia mtu anayekupimia.

Noela alicheka mpaka akashika kaunta. Tarsisi alipopita dukani kutoa nakala, Noela alijigamba. "Umeona, Baba Luka? Nimekutafutia mteja."

"Umenitafutia mchuuzi, ahsante," Tarsisi akasema, akikunja karatasi zake. "Na hayo majina mengine uliyoyalalia, yamepata wenyewe?"

Noela alijifanya anatafuta kalamu. Alikuwa na majina ya mpunga, ya saruji, ya nyumba za wageni ambazo hazijajengwa, na mwaka mzima hakuna aliyeyaulizia isipokuwa Agapiti. Tarsisi alipotoka, aliketi akalipia ada ya yote, jina moja baada ya jingine, huku akiwatukana wanunuzi ambao hawajazaliwa.