Dawa ya Samaki wa Baba

Harufu ya maji ya vuguvugu yaliyokaa na samaki siiwezi. Juzi nilipita mbele ya duka la wanyama wa kufugwa kule Roseville, mlango ukafunguka, harufu ikanipiga puani, nikalazimika kukaa kwenye benchi kama bibi kizee. Mume wangu alidhani nina mimba. Nilimwambia ni njaa tu. Ninyi nitawaambia ukweli, maana hamnijui na hatutakutana harusini.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi mtaa wa Phillips, huku Amerika, ghorofa ya tatu: Baba, mimi, na Mama Mdogo Mapendo, mke wa pili wa Baba, aliyekuwa ametufikia mwaka uliotangulia. Mama yangu mzazi alifia kambini, Tanzania. Baba alizaliwa Uvira, kando ya ziwa, akala samaki ujana wake wote. Kufika Amerika akaanza kuwalisha yeye. Alinunua tangi la kioo kwa jirani aliyekuwa anahama, pamoja na samaki wanane wa rangi ya chungwa, akaliweka sebuleni mahali ambapo wenzake huweka televisheni. Wamama wa kanisa walipokuja kututembelea kutoka Brooklyn Center walicheka mpaka wakashika mbavu. Samaki asiyeliwa ana kazi gani? Baba akawajibu kwamba hata wao hawaliwi, na bado wanapikiwa.

Mimi ndiye nilikuwa mdomo wa nyumba. Waliokulia kwenye nyumba za wakimbizi wanaijua kazi hiyo. Barua ya shule, barua ya mwenye nyumba, maandishi ya chupa ya dawa, vyote vilipita kwangu kwanza. Mwalimu alipoandika kwamba naongea mno darasani, nilimsomea Baba kwamba nashiriki vizuri, akaninunulia viatu. Viatu vile nilivipenda sana.

Mama Mdogo sikumpenda, ingawa alinisuka bila kuniumiza na alinipikia sombe, majani ya muhogo ya kwetu, kila nilipoitaka. Kosa lake lilikuwa moja. Jumapili moja tukiwa mezani Baba alisema, "Tangu Mapendo afike, nyumba imekuwa nyumba." Nikajiuliza, kabla yake mimi na yeye tulikuwa tunaishi wapi?

Januari ile samaki walianza kujikwaruza kwenye mawe. Kisha yakatokea madoa meupe mapezini na ubavuni, madogo kama chembe za chumvi. Muuzaji wa duka la samaki alisema ni vimelea, ugonjwa wa kawaida, unatibika. Maelezo yote yako kwenye chupa. Baba alikuwa akifanya shifti mbili kwenye ghala, kwa hiyo alimkabidhi mke wake chupa ile.

"Furaha atakusomea," alisema. "Uzichunge, Mapendo. Iko tu hizi zinanikumbushaka kwetu."

Alipoondoka, Mama Mdogo alipiga magoti mbele ya tangi, daftari mapajani. "Njo unisomeye, mwanangu. Polepole, nisikosee."

Nikasoma. Pandisha joto la maji kidogo kidogo. Ondoa mkaa ndani ya chujio, maana unafyonza dawa. Badilisha robo ya maji, kisha weka matone kila siku. Yote hayo nilitafsiri bila kuacha neno, kama mkalimani wa mahakama. Yakabaki maelezo ya mwisho: endelea na dawa hata madoa yakishatoweka. Kimelea kikishiba hudondoka chini, hujificha kwenye changarawe, huzaliana kwa mamia, na dawa hukiua tu pale watoto wake wanapotoka kuogelea wakitafuta samaki wa kuingia. Niliyaelewa vizuri sana. Sayansi ilikuwa somo langu.

Nikamtazama. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, inanisubiri.

"Madoa yakitoka unaacha," nikasema. "Ukizidisha, dawa itawaua."

Akaandika.

Siku ya tano samaki walikuwa safi, wanang'aa. Mama Mdogo alicheza sebuleni peke yake, akanibusu mashavu yote mawili, akampigia Baba simu kazini. Baba alirudi na kuku wawili wa kukaanga, na Jumapili akasimama kanisani akamshukuru Mungu kwa mikono ya mke wake. Mimi nilikula paja.

Kufikia wiki ya pili walikuwa weupe kana kwamba wamenyunyiziwa unga. Walikuwa wakihema juu ya maji, vinywa wazi. Mama Mdogo aliniuliza, "Nirudishe dawa?" Nikamwambia chupa inasema mara moja tu. Aliketi pale siku mbili akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo, na nilipita nyuma yake nikienda kunywa maji.

Baba aliwaopoa mwenyewe kwa kichujio cha chai, koti lake bado lina theluji mabegani. Aliwapanga wote wanane kwenye gazeti. Halafu akamgeukia mkewe.

"Vraiment, kweli, Mapendo. Ata samaki haziishi mu mikono yako?"

Mikono ya Mama Mdogo ilikwenda tumboni, ikabaki hapo. Mimi niliona tu kwamba nimeshinda. Niliingia chumbani nikacheka ndani ya mto, na ninawaapia ilikuwa furaha tupu.

Katika mwaka ule mmoja tangu afike, Mama Mdogo alikuwa ameenda hospitali mara mbili akiwa na tumbo na kurudi bila tumbo, wala hakuna aliyenieleza mimi mtoto. Neno la Baba lilifika kanisani kabla ya Jumapili. Tangu hapo wamama walimpokonya watoto wao wachanga kwa upole, wakisema mtoto anataka kunyonya. Naye akajifunza kukaa kiti cha nyuma, mikono ameikalia. Hakuwahi kuzaa. Baba hakumfukuza, ila hakumsifu tena mbele ya watu, wala nyumbani.

Baba aliugua nikiwa chuoni. Kwa miezi minane nilikaa kando ya kitanda chake nikimsomea kila karatasi ya madaktari, na kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, mimi na Mama Mdogo tulikuwa tukikunja nguo za Baba. Nikamwambia yote, nikilia. Yeye hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi na nimejiandaa kwa msamaha. Akauliza jambo moja tu.

"Baba yako alijua?"

"Hapana."

Alimaliza kukunja shati alilolishika, akalilaza juu ya mengine, akalinyoosha kola.

"Ungesema mbele hatuyamuzika, Furaha, angali muzima."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nimengoja miaka yote ile. Mtu mmoja tu angeweza kumwondolea lile neno, na mtu huyo huyo ndiye pekee niliyeogopa anichukie. Nilipata ujasiri alipokuwa hawezi tena kufanya lolote kati ya hayo mawili.