Nafasi ya Kugeuka

Karakanani walimwita Rula, kwa kuwa alikuwa mwembamba, amenyooka, na haongei mpaka aulizwe. Kazi yake ilikuwa kuchora upya vyumba vya meli za abiria zilizochoka. Viti na kuta hung'olewa, meli ikabaki bati tupu, kisha yeye ndiye anayeamua kitanda kikae wapi na mlango ufunguke upande gani.

Safari hii kulikuwa na chumba kimoja alichokipenda kupita vyote. Kilikuwa cha abiria wa kiti cha magurudumu, na aliyemtumia kukipimia alikuwa mama yake mzazi. Rula alibandika utepe wa gundi kwenye sakafu ya sebule: huu ukuta, huu mlango, hiki kitanda. Mama akawa anaingia na kiti chake, anageuka, anatoka. Dada yake mama alikuwa ng'ambo ya maji, mgonjwa, na tangu miguu imkatae mama hawakuwa wameonana. Meli ikirudi majini, mama angekwenda.

"Usininyime nafasi ya kugeuka," alimwambia bintiye. "Mimi si kasha, nikishawekwa basi."

Asubuhi moja bosi alimwita Rula melini. Alikuwa amesimama katikati ya kile chumba, anaupapasa ukuta mpya.

"Binti yangu, huu tuusogeze ndani. Kaunta ya vinywaji huko upande wa pili imebanwa."

"Ukisogea, kiti hakitageuka, bosi."

"Kwani lazima kigeuke? Aingie hivyo, atoke kinyumenyume."

Seremala aliyekuwa pembeni na zana zake akacheka. "Kama lori uchochoroni!"

Rula alikuwa na mengi ya kusema. Badala yake akajikuta ameitikia kwa kichwa. Hata hajafika ngazini, seremala alishaanza kufungua skrubu.

Nyumbani alimkuta mama amechangamka.

"Njoo uone! Leo sijagusa popote."

Akageuka mbele yake, taratibu, mzunguko mzima. Rula alishindwa kumtazama. Alipiga magoti, akabandua utepe wa upande mmoja, akaubandika ndani zaidi.

"Wamepunguza?"

"Wamepunguza, mama. Na mimi nilikuwepo, nikakubali."

Mama akajaribu. Gurudumu likapanda juu ya utepe. Akarudi nyuma, akajipanga upya, likapanda tena.

"Hii si ni gundi tu," alisema.

"Kule ni bati."

Chumba kikaanza kuwa giza, na hakuna aliyewasha taa.

"Na mlangoni mtaweka nini?" mama aliuliza.

"Ile picha ya kiti cha magurudumu. Bosi anataka ibaki, meli ionekane ya kisasa."

"Ili mwenzangu akate tiketi, abebwe mzobemzobe mpaka humo, ndipo ajue?" Mama alishusha pumzi. "Kaitoe, mwanangu. Bora mtu aikose safari akiwa kwake."

Kesho yake Rula aliifuta picha ile kwenye mchoro. Bosi alifoka.

"Watasema meli yangu haina chumba cha walemavu!"

"Haina, bosi," Rula alijibu. Safari hii hakuitikia kwa kichwa.

Meli ilirudi majini, mlango ule ukiwa hauna picha. Siku hiyo mama alimpigia dada yake simu, akaongea naye sana kuhusu watoto na dawa, na mwisho kabisa akamwambia asimngoje.