Siku Moja Kabla ya Mtaro

Leo dukani mfuko wa udongo wa kupandia maua ulichanika mikononi mwangu, na harufu ya kinamasi cha utotoni ikanijia puani: chai iliyolala, mvua, majani mabichi.

Nilikuwa mtoto. Baba yangu, niliyemwita Papa, alikuwa dereva wa katapila, na Jumapili moja baada ya kanisa alinipeleka kwenye kinamasi nyuma ya nyumba yetu, Upper Marlboro, mji mdogo huko ughaibuni. Tulivua viatu. Kuvumwani, ule mmea laini wa kijani uliotanda kinamasi kizima, ilibonyea chini ya nyayo kama godoro lililolowa.

"Hii inakua juu, chini inakufa bila kuoza, kwa sababu ya maji," alisema. "Hewa ya ukaa iliyoivuta miaka yote imelala humu. Maji yakiondoka, kuvumwani itaoza, na hewa yote itarudi angani."

"Nani ataondoa maji?" nilimuuliza kwa Kiingereza; Kiswahili nilikielewa tu.

"Mimi. Kesho nachimba mtaro. Wenye ardhi wanataka kujenga."

"Kataa, Papa."

"Nikikataa, mwingine ataendesha katapila. Na sisi tutakula nini?"

Alichota kuvumwani akaikamua, maji yakamlowesha shati la kanisani. Kisha akairudisha mahali pake, akaipapasa taratibu.

Kesho yake nilipotoka shule, maji meusi yalikuwa yakitiririka kando ya barabara. Papa alikuwa juu ya katapila; nilimpungia mkono. Hakugeuka.