Kapasita za Lori la Mlali

Mnisamehe kwa mwandiko unaopanda na kushuka, na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu maneno hunikauka. Ndiyo maana naandika, polepole. Ninyi mnaoanza ufundi sasa, nataka mjue kazi tulivyoifanya.

Siku ya kwanza gerejini Dodoma, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa balbu ndogo ya indiketa yenye nyaya mbili, akanionyesha kompyuta ya injini ya lori kuukuu: sanduku la bati linaloamua injini inywe mafuta kiasi gani. Ndani yake mna kapasita, vikopo vidogo kama ncha ya kidole, vinavyotunza umeme kidogo hata betri ikiondolewa.

"Wewe Mgogo, siyo?" akaniuliza.

"Ndiyo, Fundi."

"Basi kukamua unajua. Kapasita ni ng'ombe. Usipomkamua kwanza, atakupiga teke."

Kukamua ni kugusisha nyaya za balbu kwenye miguu miwili ya kapasita. Balbu humeta, kisha hufa. Ndipo unashika chuma cha kulehemu, unayeyusha risasi, unang'oa iliyozeeka. Kapasita kuukuu huvimba kichwa, huvuja maji yanayonuka kama samaki, na kompyuta hupoteza akili. Mpya ina mstari ubavuni, upande wa hasi. Ukiigeuza, inapasuka.

Baadaye Msimamizi wa gereji aliniachia benchi la kompyuta. Ndipo lilipokuja lori la Mama Yohana.

Lilikuwa likibeba alizeti kutoka Mlali, na lilikuwa na tabia ya kuzimika ghafla kwenye kona moja ya mteremko. Likizimika, usukani unakuwa mzito kama jiwe. Mumewe alifia kwenye kona hiyo. Lori likainuliwa korongoni, likanyooshwa, na sasa aliliendesha mwanawe, Yohana. Naye lilikuwa limeshamzimikia palepale.

"Ni joto," Msimamizi akasema. "Likifika pale, sanduku limeshachemka."

"Nikilala Mlali, asubuhi naondoka injini ya baridi, bosi," Yohana akajibu. "Bado linazimika palepale."

Msimamizi akatazama pembeni. "Dogo, badilisha kapasita."

Mama Yohana alikataa kiti. "Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Mwanangu, nimebaki na huyu mmoja."

Nilifungua sanduku. Kapasita zote zilikuwa zimevimba na kukauka; za namna hiyo hazitunzi kitu. Nikaikamua ya kwanza, maana ndivyo nilivyofundishwa. Balbu ikawaka, ikagoma kufa. Nilingoja hadi mkono ukaniuma, nikaondoa nyaya. Fundi Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameona.

"Lehemu tu," akanong'ona.

Mpya zikaingia. Za zamani nikamkabidhi Mama Yohana, kwa sababu gerejini kwetu spea iliyotolewa humrudia mwenye gari, aone hakudanganywa. Akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Hizi ndizo zilizokuwa zinalizima?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kwenye majaribio nami naja."

Alasiri tukaenda watatu. Kwenye kona Yohana aliung'ang'ania usukani, jasho likimtiririka. Injini ikanguruma vilevile. Tukapita.

"Simama," mama yake akasema.

"Mama! Siku zote tunaomba lisisimame hapa, leo unaniambia nisimame?"

"Simama, baba."

Akasimama, akazima, akachomoa ufunguo. Taa ya injini kwenye dashibodi ikabaki inawaka.

"Ni umeme wa kapasita," nikasema. "Utaisha sasa hivi."

Haukuisha. Nikashuka, nikachomoa waya wa betri. Taa ikaendelea kuwaka. Ng'ambo ya korongo mbuzi walikuwa wameacha kula, wanatutazama.

Mama Yohana akaniomba bisibisi. Akachimba kando ya barabara, akazifukia zile kapasita, akakanyagia udongo. Kisha akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," taratibu, kama mtu aliyefika mlangoni kwa mwenzake.

"Taa imezimika," Yohana akasema kutoka ndani.

Nikarudisha waya. Lori likawaka mara moja, na tangu siku hiyo sijasikia kwamba limezimika pale.

Moshi wa risasi uliniharibu kifua, nikaiacha kazi nikiwa bado kijana. Sasa nalima mpunga Bahi. Fundi Mkuu naye amepumzika. Siku niliyoacha kazi alinirudishia ile balbu ya kukamulia. Nimeitundika ukutani. Tangu hapo haijawahi kuwaka, lakini kulala nimeipa mgongo bado siwezi.

Kwa hiyo nawaomba, mafundi wenzangu: kama umewahi kukamua kapasita iliyokauka na balbu ikagoma kufa, niandikie, hata mistari miwili. Niambie za zamani ulizipeleka wapi. Mimi nilizirudisha nyingi mno kwa wenyewe, na ni Mama Yohana peke yake niliyeona alikozilaza.