Mfungo wa Darasa la Saba

Jumapili iliyopita, katika kanisa letu hapa Engutoto, watoto wa darasa la saba waliitwa mbele kuombewa mtihani. Ni desturi nzuri na nimeipenda siku zote. Wazazi tunasogea, kila mmoja anamwekea mtoto wake mkono. Wangu ni mjukuu. Nilipomshika bega, ndugu yangu, nilishika mfupa. Alikuwa anatetemeka kama mwenye homa. Mchungaji alipotangaza kwamba usharika utafunga hadi siku ya mtihani, yeye ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote. Sala ikanikatikia mdomoni, maana amina ya namna hiyo nilikwisha kuisikia utotoni.

Tulikulia kule juu, kwenye mteremko wa Meru, nyumba ikiwa katikati ya migomba na kahawa, mfereji ukipita nyuma ya zizi. Msimu wa mtihani ulikuwa pia msimu wa kuchuma kahawa. Mpaka leo nikisikia ile harufu chachu ya maganda ya kahawa, nakumbuka mtihani. Sisi wadogo tulikata majani ya ng'ombe na kufukuza kuku kwenye kahawa iliyoanikwa. Dada yangu hakuguswa na kazi yoyote. Alikuwa darasa la saba, na nafasi za sekondari zilikuwa chache kiasi kwamba mwaka mwingine kijiji kizima hakikutoa hata mtoto mmoja.

Asubuhi mwalimu mkuu alisimama mlangoni na fimbo yake, akauliza hesabu za kichwa. Aliyekosa alisimama upande wa ukuta kungojea zamu yake. Mvulana wa jirani yetu, mkubwa mwenye mabega mapana, alikuwa akiharisha kila siku ya shule. Wenzake walimcheka: "Mwalimu, huyu mpelekeeni karatasi ya mtihani chooni!" Dada naye walimwita mtoto wa kanisa. "Omba basi, malaika wakujumlishie!" Wote tulicheka. Hakuna aliyefikiri kwamba yule mvulana ni mgonjwa, kwa sababu Jumamosi alikuwa mzima kabisa.

Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa mtu wa maombi. Siku moja baada ya sala ya jioni alituambia, "Nitafunga kwa ajili ya huyu mtoto. Mchana sitatia kitu kinywani mpaka amalize mtihani wake." Wazee wengi wa usharika walifanya hivyo. Dada ndiye aliyeitikia amina kwa nguvu. Tuliobaki tulikuwa tunaangalia chungu.

Kila asubuhi mama alitugawia loshoro, ndizi na mahindi yaliyopondwa pamoja na maziwa ya mgando, baridi na chachu kidogo. Dada alichukua kibuyu chake, akasema atakula huku anasoma, akazunguka nyuma ya zizi. Ndama wetu alinenepa mwaka ule, na sisi tukasifu majani.

Kisha siku moja alianguka kwenye mstari wa hesabu za kichwa. Aliyembeba mgongoni mpaka nyumbani ni yule mvulana waliyekuwa wakimcheka. Mwalimu mkuu alikuja nyuma yao, akafuta jasho, akasema, "Ni woga tu, mama. Mpeni maji ya sukari, kesho arudi darasani."

Bibi alimwinamia dada. "Umekula lini?"

"Nafunga na wewe, bibi. Wewe una njaa kwa ajili yangu. Mimi nishibe kwa ajili ya nani?"

Jua lilikuwa utosini. Bibi, midomo imemkauka, akamwambia mama amletee loshoro. Akala yeye kwanza, mbele yetu sote, mchana kweupe. Sisi watoto tuliona kama tumemwona mchungaji akilima siku ya Jumapili. Akamgeukia dada: "Nadhiri nimevunja mimi, na kwa Mungu nitajibu mimi. Fungua kinywa."

Dada alifanya mtihani, lakini hakuchaguliwa. Kanisani mwanamke mmoja alimwambia bibi, "Ungevumilia tu zile siku zilizobaki, mama." Bibi akamjibu, "Ningevumilia, ningemzika," akafungua kitabu chake cha nyimbo. Dada yuko hai kule juu mpaka leo, anafuga, na kila nikienda ananigombeza kwamba nimekonda.

Basi Jumapili ile, baada ya ibada, nilimvuta mjukuu wangu pembeni. "Umekula nini leo?"

"Bibi jamani, tumefunga."

"Waliotangaziwa ni watu wazima."

"Sisi tulishaanza zamani, darasa zima. Tumeapa. Atakayekula mchana atatufelisha wote."

Nilikwenda kwa mchungaji. Ni kijana mwema, alinisikiliza kwa heshima. "Mama, nikiwakataza watoto, wazazi watasema nimewapunguzia maombi. Nipe muda nitafakari." Lakini muda ndio hatuna, mtihani ni wiki ijayo.

Siku hizi kule kwetu kahawa imeng'olewa, pamejengwa nyumba, na mfereji umekauka. Hayo naweza kuyazoea. Ninachokikosa ni mtu mzima wa kukubali kuaibika mbele ya kanisa zima ili mtoto ale. Nimeangaza macho kumtafuta, nikaona waliobaki wa umri wa bibi ni sisi. Kesho nitakwenda shuleni kwao kabla ya kengele ya kwanza, nizungumze na darasa lote. Namshukuru Mungu miguu bado inanibeba. Ila sijui kama watoto walioapa pamoja watamsikiliza bibi wa mwenzao, au kama nitachelewa, nikute mmoja wao ameshaanguka.